Kangomba wa Likombe

Ukifika Likombe ukaulizia kwa Gideoni Mgaya, utazungushwa mpaka soli za viatu ziishe. Wewe ulizia kwa Kangomba. Hapo hata mama anayekaanga mihogo kando ya barabara atanyoosha mwiko wake bila kuinua macho: "Pale penye geti la kijani. Utasikia kelele tu."

Jina lenyewe si la heshima. Huku Kusini kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa kificho. Mnunuzi anawapa vijisenti wakulima waliobanwa na njaa kabla ya msimu, na korosho zikiiva anarudi na bakuli lake, anapima anavyotaka, analipa anavyotaka, nazo tayari si za aliyezipalilia. Kumwita mtu Kangomba ni kumtukana mbele ya wanawe. Lakini Gideoni akiitwa hivyo hugeuka na kuitika kwa furaha, kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Alikuja Mtwara kutoka Njombe, akiwa ameajiriwa bandarini kama karani wa ghala. Mtu wa baridi na viazi, akatupwa kwenye joto na chumvi. Alipanga chumba Ufukoni, na miezi ya mwanzo jioni zilimshinda. Pombe hanywi, mpira haujui, ndugu hana. Alikaa kizingitini kwake akijipepea na kipande cha boksi, huku akisikiliza vicheko kutoka ua wa jirani.

Jirani huyo alikuwa Mwalimu Saida, mjane aliyefundisha Kiswahili sekondari. Kila Jumamosi ua wake ulijaa watu wa kila aina: wauza samaki, makarani, mafundi cherehani, hata askari mmoja wa magereza. Walikuwa wanatunga maigizo. Jukwaa hawakuwa nalo, basi walitandika mikeka mchangani, na pale mikeka ilipoishia ndipo watazamaji walipoanzia. Kikundi kikaitwa Mkeka. Siku hizi ukilitaja jina hilo vijana hudhani unasema karatasi ya kubeti mpira, lakini wakati ule mkeka ulikuwa mkeka.

Mwalimu Saida alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka watu wakalichoka. "Maigizo yanatujia kutoka kwingine," alisema, "na mtu wa kwetu akitokea humo basi ni wa kuchekwa. Tuandike la kwetu." Mtu akijitetea kwamba hajui kuandika, alimkatiza: "Sijakuomba uandike. Niambie nani alimkasirisha nani, na kwa nini hawakuachana."

Aliyemvuta Gideoni ndani ya ua ule ni Rajabu, dereva wa winchi waliyefanya naye kazi bandarini. Mara ya kwanza alipewa kuigiza maiti, akaifanya vizuri mpaka akasinzia. Mara ya pili Mwalimu Saida alimsimamisha uani, akamzunguka, akamtazama zile nyusi nene zilizokutana katikati. "Wewe Mungu amekupa sura ya dhuluma," akasema. "Tusiipoteze."

Kisha akaja Felismina.

Alikuwa binti aliyetembeza vitenge kwa furushi. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita kule Msumbiji, yeye akazaliwa Mahurunga na kukulia Ziwani. Alikuja uani kuuza kitenge, akakaa kusikiliza, akauza vitenge viwili na kurudi Jumamosi iliyofuata bila furushi. Mwezi haujaisha akawa ameandika tamthilia. Aliisoma akiwa ameegemea ukuta, kichwa chini, mguu mmoja ukidunda ardhi taratibu kila mhusika anapobadilika. Ilimhusu mwanamke aliyefiwa na mume, na mnunuzi wa korosho mwenye bakuli lisilojaa. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Yule askari wa magereza alikuwa anafuta macho kwa kofia yake. Gideoni yeye alibaki kuutazama ule mguu.

"Kangomba atakuwa nani?" aliuliza Mwalimu Saida.

Felismina aliinua macho, yakatua moja kwa moja kwa yule karani. "Kaka Gideoni. Usinielewe vibaya. Nikikutazama namwona kabisa."

Hakujua ametukanwa au amesifiwa. Alikubali hivyo hivyo. Felismina mwenyewe ndiye aliyemfundisha namna ya kulijaza bakuli mpaka likawa na kilima, kisha kulitikisa ili korosho zishuke, kisha kuongeza tena huku akisema kwa upole, "Bado, mama. Bakuli halijashiba." Alimfundisha mahali pa kucheka na mahali pa kutazama pembeni. Gideoni alishangaa msichana wa umri ule ameyajulia wapi yote hayo, lakini hakuuliza.

Igizo lile liliwatembeza. Walipanda nyuma ya pikapu ya kuazima, mikeka imeviringishwa kama magogo, ngoma mbili katikati ya miguu, wakaenda Mikindani, Naumbu, Msimbati, mpaka Kitaya mtoni. Hata leo Gideoni akifumba macho huirudia ile harufu: vumbi jekundu, salfa, ile dawa ya unga wakulima wanayopulizia mikorosho, mihogo ya kuchemsha waliyokula na samaki mkavu wakisubiri jua lilegee. Ngoma zikipigwa watoto walikuja kwanza, kisha wanawake, kisha wanaume wakijifanya wanapita tu. Na watu wale hawakutazama kimya. Walijibizana na wahusika, wakamwonya mjane, wakamtaja kwa jina mnunuzi fulani wanayemjua wao. Felismina alikaa pembeni akiyasikiliza majibu yao, na kesho yake maneno ya igizo yalikuwa yamebadilika.

Gideoni akawa mtu wa kuchukiwa vijiji vizima. Watoto walimfuata wakipiga kelele, "Bakuli halijashiba!" Kijiji kimoja aliomba maji kisimani, bibi mmoja akamjibu, "Kanywe kwenye bakuli lako." Rajabu alicheka mpaka akakaa chini. Felismina alichota maji mwenyewe, akampelekea, na njia nzima ya kurudi walikaa bega kwa bega nyuma ya pikapu.

Gideoni alipomfungulia moyo wake, Felismina hakushtuka. Alifunga vizuri kilemba chake kwanza. "Mama yangu hajaliona igizo," alisema. "Acha aone."

Basi wakaenda Ziwani. Bibi Dalila, mama yake Felismina, alikaa mbele kabisa, mguu wake mmoja juu ya mkeka wa waigizaji. Alitazama bila kupepesa. Gideoni akapima bakuli la kwanza, la pili. Alipolitikisa la tatu na kusema bado halijashiba, mama yule akainuka. Aliingia katikati ya igizo, akampokonya bakuli mkononi, akamimina korosho zote kwenye kanga yake, akarudi kukaa.

Uwanja ulilipuka. Gideoni, kwa kuwa alikuwa mwigizaji na hakujua la kufanya, aliendelea: "Mama! Rudisha bakuli langu!"

"Njoo ulichukue," alisema Bibi Dalila.

Hakwenda. Igizo likaishia pale pale, maana hapakuwa na mwisho mwingine wa kulishinda tendo lile. Mwalimu Saida alifurahi wiki nzima. Felismina alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

Rajabu ndiye aliyetumwa kuwa mshenga. Alipokewa vizuri, akapewa kiti, akasikilizwa. Mpaka alipomtaja mposaji.

"Yule nnunuzi?" aliuliza Bibi Dalila kwa lafudhi yake ya ng'ambo ya Ruvuma.

"Mama, yale ni maigizo tu."

"Najua ni maigizo. Mimi si mjinga. Lakini ule ubaya ameutoa wapi? Huwezi kuteka maji kwenye kisima kikavu. Ntu yule simtaki."

Na hapo ndipo Rajabu alipolisikia jambo ambalo Felismina hakuwahi kulisema uani. Mjane wa kwenye igizo alikuwa Bibi Dalila mwenyewe. Alipofiwa na mumewe alikuja mnunuzi na bakuli, akachukua korosho msimu mmoja, kisha msimu wa pili, na Felismina akaacha shule.

Gideoni alipoletewa habari hizo alikaa kitandani kwake akijisikia mchafu. Alikwenda kwa Felismina na kumwambia anaacha. Hataigiza tena sehemu ile, atafutwe mwingine.

"Ukiacha wewe, watu watamchukia nani?" Felismina alimjibu kwa ukali. "Mimi nimekaa na mtu huyo kichwani miaka mingi. Ulipombeba wewe ndipo nikapumzika." Kisha akapoa. "Nitakuandikia kingine. Kifupi. Utakuwa mtu mwema, tukakionyeshe Ziwani."

Akamwandikia karani wa chama cha ushirika, mwaminifu, anayemrudishia mzee mmoja gunia lake lililoibwa. Rajabu akawa mzee. Mazoezi hayakwenda vizuri, lakini kila mtu alijipa moyo kwamba mbele ya watu mambo yatanyooka.

Hayakunyooka. Yule Gideoni aliyetetemesha vijiji alisimama mkekani mikono ikimning'inia kama nguo kwenye kamba. Sauti ilikuwa nyembamba. Alisahau maneno, akakumbuka ya mbele, akayasema ya nyuma. Alipofika mahali pa kumfariji mzee alitamka, "Usihofu, babu, mimi ni mtu mwema," kama mtu anayesoma bango la barabarani, na kutoka nyuma sauti ikapazwa: "Bakuli halijashiba!" Watu wakaangua kicheko. Gideoni akajikaza kulibeba gunia, likamponyoka, likatua juu ya mguu wa Rajabu, na mzee aliyepaswa kushukuru akatoa yowe la kweli. Mwalimu Saida alikuwa ameuma ncha ya kanga yake ili asicheke.

Gideoni alikwenda kujificha nyuma ya pikapu. Aliwaza kuomba uhamisho arudi Njombe kwenye baridi yake. Akasikia hatua, akainua kichwa, akamwona Bibi Dalila ameshika kopo la maji.

"Kunywa."

Alisimama kwa adabu, akapokea kwa mikono miwili, akanywa.

"Aliyenidhulumu mimi," alianza Bibi Dalila akitazama pembeni, "alikuja na maneno matamu. Alinitua kuni kichwani. Alimwombea marehemu mume wangu mpaka nikalia. Yule alijua kuigiza wema, sijaona wa kumfikia. Wewe umeshindwa kabisa."

"Nimeshindwa, mama."

"Nimeona. Umetia aibu." Akachukua kopo lake. "Basi ntu anayeshindwa kuigiza wema, wema wake kama anao ni wa kwake. Mwambie nshenga wako arudi. Lakini mguu upone kwanza."

Walifunga ndoa mwaka ule ule, na Rajabu aliingia kanisani akichechemea, ingawa Gideoni hushikilia kwamba mguu ulishapona na mwenzake alitaka tu kuonekana.

Miaka ile iliyofuata ndiyo Gideoni huiita miaka ya asali. Mkeka ikasajiliwa kuwa asasi, ikapata mhuri na katiba, ikaanza kupokea watu wa vijijini waliotaka kujifunza kutunga. Felismina aliandika tamthilia nyingine mbili. Jioni alimsomea mumewe barazani huku watoto wakicheza, mguu ukidunda, na Gideoni akawa wa kwanza kuyasikia maneno ambayo baadaye vijiji vizima viliyarudia. Bibi Dalila akija kuwatembelea alimwita mkwewe Kangomba mbele ya wageni, kisha akampakulia nyama kuliko wote.

Lakini maisha hayamsubiri mtu. Watoto walikua na mahitaji yakakua nao. Felismina akapata kibanda cha vitenge sokoni, na kibanda hakitaki mtu mwenye mawazo mbali. Bibi Dalila akafariki, akazikwa Ziwani jirani na mikorosho yake. Mwaka aliofariki mama, Felismina akaweka kalamu chini. Hakutangaza, na Gideoni hakuuliza. Aliona tu kwamba jioni barazani watu wanazungumzia bei.

Mwalimu Saida naye akatangulia mbele ya haki. Warithi wake, walioishi mbali, waliuza ile nyumba ya Ufukoni, na hawakuwa na kosa, nyumba ilikuwa yao. Mkeka ikabaki na mhuri bila uwanja. Walifanyia mazoezi kwenye kiwanja cha shule, wakaondolewa kipindi cha mitihani. Wakahamia nyuma ya ukumbi wa mikutano, harusi zikawafukuza. Wengine wakachoka. Rajabu akahamia kwa binti yake Masasi.

Wakati huo Gideoni alikuwa amestaafu kwa hiari. Yeye na mkewe walikuwa wamenunua kiwanja kilichopakana na nyumba yao ya Likombe, wajenge vyumba vya kupangisha. Matofali yakafyatuliwa. Siku moja asubuhi akaja muuguzi mmoja, Tumaini, binti wa watumishi waliohamia kutoka Kigoma, akamkuta anamwagilia matofali.

"Shikamoo, Mzee Kangomba. Nimeandika igizo. Nimeambiwa wewe ulikuwa Mkeka. Sina wa kunisikiliza."

"Marahaba. Soma."

Alilisoma amesimama katikati ya matofali, na sare yake ya kazi. Kuna mahali alikosea, kuna mahali aliongea haraka mno. Gideoni aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa akasikiliza mpaka mwisho, maji yakimwagika kutoka kwenye mpira. Alipoondoka Tumaini, mzee huyu alibaki pale pale juu ya ndoo, matofali ameyasahau. Hakujua kwamba alikuwa na hamu ya mambo yale kiasi kile.

Mchana, Felismina aliporudi kula, Gideoni alimwambia: "Tusijenge vyumba. Tuwape Mkeka kiwanja."

Felismina aliweka kijiko chini. "Na ada ya mtoto aliyeko chuo watalipa Mkeka?"

"Tutabanana."

"Gideoni." Alipomwita kwa jina, badala ya Baba fulani, ilikuwa vita. "Wewe huwahurumii Mkeka. Wewe unataka kunirudisha nyuma ya ile pikapu."

Alifikiri kukanusha. "Ndiyo," alisema. "Nataka."

"Mimi si yule tena."

Hawakusemezana siku kadhaa, zaidi ya habari za chumvi na funguo. Kisha Felismina, ambaye ni mfanyabiashara na anajua kuipatanisha bei, alitoka nje na kamba ya fundi, akaipitisha katikati ya kiwanja. Upande huu vyumba. Upande ule wa kuchezea. Gideoni alishukuru, akaanza kazi kabla fundi hajafika.

Alisawazisha mchanga kwa mikono yake. Kwa ajili ya nguzo na bati alizunguka ofisi na maduka, na hapo jina lake la matusi likamfungulia milango iliyokuwa imefungwa. Bwana mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi alimtazama nyusi, akaruka kutoka kitini. "Wewe si Kangomba? Ulinilizia bibi yangu Mahurunga!" Akampa bati na misumari, akamwahidi usafiri. Walimu wakaleta viti vilivyovunjika, Gideoni akavigongelea. Mkeka ikarudi Jumamosi, sura nyingi mpya, na Tumaini akawa ndiye anayewapanga.

Igizo la kwanza pale uwanjani lilikuwa lake Tumaini, la dada wawili na shamba la urithi. Walimwomba Gideoni aigize mjomba mdhulumaji. Akakataa, sehemu hiyo akapewa mwalimu kijana, naye akachukua kazi ya kuwanong'oneza waliosahau maneno. Katikati ya igizo aliona geti linafunguka. Felismina alikuwa amefunga kibanda mapema. Alisimama nyuma na mkoba begani kama mtu anayepita tu.

Watu walipotawanyika hakuingia ndani. Alimwendea Tumaini. "Yule dada mkubwa wa igizo lako analia mapema mno," alimwambia. "Mwache akasirike kwanza. Akikasirika sawasawa, akija kulia sisi tutakuwa tumeshamtangulia." Tumaini alivuta kiti. Walikaa wawili hao, vichwa vimekaribiana juu ya karatasi, mpaka adhana ya magharibi. Gideoni aliwapelekea chai na kuondoka kwa kunyata, kama mtu aliyemwona ndege na hataki kumtimua.

Baadaye, wakikunja mikeka, alishindwa kuvumilia. "Utaandika?"

"Hapana, baba," alisema Felismina kwa upole. "Nilichokuwa nacho mimi nilikisema, na mama alikisikia. Lakini Jumamosi nitakuwa nafunga mapema. Wale wanaandika kama wanakimbizwa."

Ilimchoma. Alikuwa ameshaiona ile baraza, ile sauti, ule mguu. Alimalizia kukunja mkeka wake, akaubeba ndani.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Felismina ana wanafunzi wake, na ni mkali kuliko alivyokuwa Mwalimu Saida. Mmoja aliwahi kutoka analia, akarudi wiki iliyofuata na onyesho zuri zaidi. Vyumba viliisha, vikapata wapangaji. Wa chumba cha mwanzo, fundi pikipiki, alikuja kulalamikia kelele za ngoma, akaombwa akae kidogo asikilize, na sasa ndiye mchungaji kwenye igizo wanalolipeleka Msimbati mwezi ujao. Pikapu imepatikana. Gideoni ameshasema atakaa nyuma na vijana, na Felismina ameshasema mgongo wake hautaki, na mabishano hayo bado yanaendelea.